Kanisa Lililovikwa Saruji

Mama yangu alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia hadi masikio yakaniuma: akifa, asaliwe ndani ya kanisa letu la mawe. Humo alibatizwa, humo aliolewa. Lakini mlango ulifungwa tangu serikali ilipobandika kibao: JENGO LA URITHI, LIMEHIFADHIWA. Limehifadhiwa, wapi! Ukuta wa upande wa mlimani ulikuwa umevimba kama shavu lenye jino bovu.

"Wanaliua makusudi hawa," Mama alisema kila Jumapili. Basi nikaenda ofisi ya mambo ya kale, nikapiga kelele mpaka wakanichoka. Wakakubali yote: wakati wake ukifika, watafungua asaliwe humo. Wakamtuma na mtaalamu wao aje atuonyeshe hali.

"Shikamoo, bibi," mtaalamu akasema.

"Marahaba. Fungua."

Ndani kulinuka unyevunyevu. Bado palikuwa pazuri, sikatai: matao mapana ya mawe matupu, madirisha membamba, boriti ambazo babu zetu walizibeba mabegani kutoka msituni. Mtaalamu akaeleza kwa heshima kwamba kuta zile ni mawe na udongo, juu yake chokaa. Maji yakiingia, hutoka yenyewe. "Ukuta unapumua, bibi. Ndiyo maana wazee walipaka chokaa kila mwaka."

"Hata sisi akina mama tulipaka," Mama akasema, kajivuna.

"Halafu wakatokea watu wakaona chokaa ni ushamba, wakapiga plasta ya saruji. Maji yakakosa pa kutokea, udongo ukawa uji." Akagonga plasta kidogo. Ikadondoka pande zima, na nyuma yake matope yakachuruzika. "Mengine yote tungeyaweza. Ukuta huu tutaubomoa. Sijui ni nani aliyewapa akili hiyo!"

Loo! Laiti ningemziba mdomo. Akili hiyo ilikuwa ya Mama. Akiwa mwenyekiti wa akina mama, aliwahimiza wenzake wauze kuku zao wanunue saruji, ili askofu akija akute kanisa linang'aa. Askofu alilisifu, Mama akapigiwa vigelegele, na vigelegele vile ndivyo vilivyompa jina na heshima hadi uzeeni.

Mama alisogea ukutani. Aliweka kiganja kwenye yale matope, akakiacha hapo.

Tulipotoka nikamlipukia mtaalamu pembeni, oh, hana adabu, oh, elimu bila haya. Mama akanikata. "Mwache. Kakosea wapi?"

"Mama, achana na ukuta. Ruhusa tumepata! Siku yako ikifika watafungua, watakusalia humo humo."

"Nisalieni nyumbani."

"Mama!"

"Nyumbani, nimesema. Na mkinipeleka makaburini, nipitisheni njia ya kisimani, kanisa lisinione."