Shukrani ya Punda

Siku hiyo Dobi alijinyooshea shati lake mwenyewe, mistari ya mikono ikasimama kama makali ya kisu. Miaka sita alikuwa akipiga pasi mashuka ya hospitali katika nchi ya watu, na sasa alikuja kuomba kibali cha kudumu. Akikipata, mkewe atamfuata. Huko nyumbani mama watoto alishaanza kutafuta mnunuzi wa kitanda.

Afisa wa uhamiaji akafika kwenye swali la tisa. Mkalimani, binti wa lugha moja na Dobi, akaligeuza: "Umewahi kupokea msaada?"

"Mara nyingi mno!" Uso wa Dobi ukakunjuka. "Jirani wa juu alinibebea godoro. Mwenye duka alinipa koti la baridi. Mimi si punda, mwanangu, shukrani yangu iwe mateke."

Mkalimani alikuwa ameapa kutafsiri kila neno. Akatafsiri.

Afisa akainua kalamu. "Punda gani?"

Binti akauma mdomo asicheke, kisha akakumbuka alipo. "Baba, hawaulizi majirani. Wanauliza msaada wa serikali. Aliyeupokea hapewi kibali. Kwa hiyo jibu lako ni hapana, siyo?"

Neno hapana lilishamfika Dobi kwenye ncha ya ulimi. Lakini macho yakaangukia mkono wake wa kulia pale juu ya meza, ngozi imekunjamana kama shuka lililosahaulika mashineni. Mwaka wa tatu ile pasi kubwa ya mvuke ilimbana. Miezi minne hakuweza kushika hata kijiko. Serikali hiyohiyo ikamlisha, na muuguzi aliyekuja kumfunga bandeji alimwita mzee wangu.

"Walinilisha," akasema. "Miezi minne."

Binti aliinamisha kichwa. "Baba, na hilo pia nitafsiri?"

"Wewe umekula kiapo, mimi nimekula chakula chao. Tafsiri."

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Kisha akavuta muhuri mwekundu, akaupiga bila kumtazama.

Nje, kwenye ngazi, Dobi akapiga simu nyumbani.

"Mama watoto, kitanda usikiuze."



"Kwani umewaambia nini, baba wee?"

"Nimewaambia asante."

Akamsikia mkewe akishusha pumzi, kisha mlio wa chaga, kama mtu anayekaa kitandani taratibu.

"Mnunuzi yuko hapa mlangoni," akasema. "Ngoja nimrudishe."