Mgomba Uliozikwa na Mizizi Yake

Nimeshakula, nimekaa barazani kwenye kiti cha kamba, karatasi ya hotuba iko kifuani, na najiambia nitafumba macho kidogo tu kwa sababu mdahalo ni saa kumi na jua la saa nane halina huruma. Mada nimeiandika kwa herufi kubwa: Je, vita ya kuvuka mto ilikuwa ya haki? Mimi, mwalimu wa shule, nitapinga, na upande huo nimeuomba mwenyewe, nikawaambia wenzangu ni kwa ajili ya ukweli. Ukweli gani! Mke wangu Kokushubila atakaa mstari wa mbele, na ninachotaka ni asikie, mbele ya kata nzima, kwamba Mutalemwa alikufa bure. Mutalemwa alikuwa mchumba wake kabla yangu, akaenda vitani, akafia ng'ambo ya mto, na mwaka wa kumi na nne huu tunaishi watatu katika ndoa ya watu wawili. Macho yanajifumba, kiti kinazama, kamba zinaachia moja moja, na nyayo zangu zinagusa barabara.

Ni barabara nyekundu isiyo na mwisho, na kila nikikata kona nafika pale pale, darajani. Huku kuna mji, na ng'ambo kuna mji huo huo, nyumba zile zile, hata mwanamke anayeanika kahawa kwenye mkeka, ila wa huku anageuza kwa mkono wa kulia na wa kule kwa wa kushoto. Watu wanabishana. Huku wanasema, Waliingia kwetu, wakachoma nyumba, wakaswaga ng'ombe, tungeishia mtoni wangerudi wiki ijayo. Navuka daraja, na kule watu wenye sauti zile zile wanasema, Mwizi umemfukuza uani kwako, sawa, lakini ukimfuata hadi kwake ukalala kitandani mwake, sasa mwizi ni nani? Narudi, navuka tena, na kila nikivuka nakubaliana na ninaowakuta, jambo linaloniudhi sana, maana nimekuja na hotuba iliyokwisha kuandikwa.

Katikati ya daraja amesimama mtu asiye na uso. Kichwa kipo, masikio yapo, lakini mbele ni ngozi tupu. Amevaa buti za jeshi, na moja imefungwa kwa kamba ya mgomba. Ndugu yangu, namuuliza, mdahalo unafanyikia wapi? Anajibu, Pale ulipozika kitu kizima. Na msemaji ni nani? Ni yule anayesemwa, anajibu. Nawachukia watu wanaojibu hivi. Kokushubila naye hujibu hivi hivi nikimuuliza anawaza nini. Anatangulia, namfuata, daraja linarefuka chini ya miguu yetu, na anaanza kupiga mluzi. Mluzi huo naujua. Ndio aliokuwa akiupiga Mutalemwa jioni akipita kwetu kwenda kwa kina Kokushubila, nami nikifunga dirisha nisimsikie na bado nikimsikia. Nasimama. Mutalemwa, uso wako uko wapi? Anasema, Muulize aliyechoma picha yangu pekee. Ilikuwa bahati mbaya, nasema, ilianguka jikoni. Haikuwa bahati mbaya. Anajua, na mimi najua, na daraja nalo kama linajua linaacha kurefuka.

Basi namsomea hotuba yangu, yote, hapo hapo, kwa sauti ya ukumbini. Vita yenu haikuwa ya haki, na waliokufa ng'ambo walikufa bure. Hakasiriki, na hilo linaniuma kuliko tusi. Ananiuliza, Unaulizia siku gani? Siku ya kwanza nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba ya mama yangu. Siku ya mwisho nilikuwa nimesimama uani kwa mama wa mtu mwingine, naye akinitazama vile mama yangu alivyowatazama wao. Chagua siku, Mwalimu, nitakujibu. Namwonea wivu hata kwa jibu hilo. Mtu amekufa, hana uso, hana kaburi la kueleweka, na bado anazungumza vizuri kunishinda! Kisha anasema, Lakini wewe hukuja kuuliza habari ya vita. Umekuja kwa ajili ya mgomba.

Ni kweli, nimekuja kwa ajili ya mgomba. Kwetu mtu akifia ugenini na maiti isirudi, unakatwa mgomba, unavikwa nguo zake, unazikwa mahali pake, na watu wanamaliza tanga. Wa Mutalemwa niliuandaa mimi. Nilijitolea, watu wakanisifu. Kumbe nilikuwa na haraka azikwe ili nipeleke posa, na kwa haraka hiyo niliung'oa mzima, nikauvika shati na kuuzika bila kuondoa mizizi. Mvua iliponyesha kaburi likachipua. Kokushubila alikubali posa yangu kwa sharti moja, kwamba chipukizi lile lihamishiwe nyuma ya nyumba yetu. Analipalilia, analiwekea samadi, na mikungu yake haikatwi, inaivia juu ndege wakila. Haraka yangu mwenyewe ndiyo iliyomfufua. Nayasema haya kwa sauti, kwa mara ya kwanza, na ng'ambo zote mbili zimeacha kubishana, zinasikiliza. Mutalemwa ananinyooshea mpini wa panga. Kata basi, anasema, tuone kama nitakufa. Na mgomba uko mbele yangu katikati ya daraja, na mkono wangu unashuka.

Baba Nyamwiza, amka, saa kumi kasoro, watu wamejaa ukumbini. Ni Kokushubila, ananitikisa bega. Hotuba imeanguka sakafuni. Mkono wa shati langu una utomvu, ule usiotoka hata ukifuliwa mara kumi, na mlangoni umelazwa mkungu mbichi, bado unatonesha. Umeukata wewe? namuuliza. Anasema, Nilidhani ni wewe. Nimesikia panga, nimetoka mbio, nimekukuta umelala. Kisha anauliza, Utasema nini leo? Naanza kusema kile nilichoandika, na hakitoki. Nasema, Hadi mtoni kina Mutalemwa walikuwa na haki. Baada ya mto sijui, na hata yeye mwenyewe hakuwa na uhakika. Lakini hakufa bure, Koku. Nilitaka tu iwe hivyo, na picha ile niliichoma mimi. Amesimama mlangoni na jua liko nyuma yake. Uso wake siuoni. Nangoja aseme neno lolote, nijue niko upande gani wa daraja.