Punje za Kandambili

Muhindo, mwenye duka pale Kashebere, hakuwa mtu wa kulala macho wazi, lakini juma lile usingizi ulimpaa. Ukuta wa bwawa lake ulikuwa unavuja, mvua haikatiki, na humo ndani alikuwamo samaki karpe jike mmoja, mzito kama mtoto wa mwaka, tumbo limejaa mayai. Bonde zima lilikuwa likisubiri vifaranga vyake vya kufuga. Ukuta ukiachia, samaki anakwenda na maji.

Wavu? Sahau! Alichimba bwawa mahali palipokatwa mikaratusi, akaona kung'oa visiki ni kujichosha bure. Sasa kila wavu uliotupwa ulitoka matambara. Ikabaki ndoana. Asubuhi nzima alishusha mabonge ya bugali, na asubuhi nzima tilapia wadogo waliyadonoa yakaisha kabla karpe hajayanusa.

Ndipo akafika Nyiramana, jirani yake, mkulima wa kule kilimani. Mkononi alishika kandambili moja ya njano, kuukuu.

"Mama, umeletea samaki viatu?" Muhindo akacheka.

"Cheka tu, Papa. Bugali, ile midogo inamaliza. Hii, midogo haitaiweza."

Akachukua wembe, akakata kipande kidogo, akakichonga pole pole mpaka kikawa punje ya hindi kabisa, na ncha yake. Akakichovya katika maji ya mahindi yaliyochacha. Hakukichoma kwenye ndoana, la! Alikifunga kwa uzi mfupi pembeni yake, na juu kidogo kwenye kamba akafunga kijiwe cha kuizamisha, ili punje ielee kidole kimoja tu juu ya matope, pale karpe anapopenda kufyonza. Kisha akasugua jino la ndoana, lile la nyuma ya ncha, kwenye jiwe likaisha, lisimchane mama wa watu mdomo. Muhindo alikuwa ameuza ndoana miaka kumi na moja, na haya yote hayakuwahi kumpitia akilini. Kicheko kilimkauka, akabaki kumtazama tu yule mama. Jamani, mikono ile!

Akatupa kamba majini. Tilapia wakaja, wakadonoa, wakachoka, wakaenda zao. Kamba ikatulia. Halafu ikakimbia.

"Vuta!" Muhindo akapiga kelele.

"Tulia!"

Hakuvuta. Alitembea ukingoni, akiachia kamba na kuirudisha, akimkwepesha samaki kila kisiki, akimbembeleza, "Buhoro, buhoro," yaani pole pole, mpaka karpe akachoka mwenyewe. Muhindo aliingia majini na suruali yake ya dukani, akampokea kwa gunia lililoloa. Karpe akatiwa kwenye pipa la maji, mzima, mdomo hauna hata tone la damu.

Haikupita nusu saa, ukuta ukaachia. Maji yakashuka bondeni na tilapia wote. Muhindo alitazama matope, moyo ukamuuma.

"Mama, sina tena bwawa. Huyu njo wako."

"Aka! Iko wako. Kwangu bwawani atakaa tu. Utakuja kumulisha wewe mwenyewe."

Muhindo akafunika pipa kwa gunia lile. Akashika upande mmoja wa pipa, mama upande wa pili, wakapanda kilima. Njiani mtu akauliza, "Samaki mukubwa hivi! Iko ya nani?"

"Ya Papa Muhindo," akasema Nyiramana.

"Ya Mama Nyiramana," akasema Muhindo, wakati uleule, huku machozi yakimtiririka mbele za watu.