Udongo Usiokauka

Kuna uchovu wa kazi na kuna uchovu wa vijinzi. Huu wa pili simwombei mtu.

Vilianza kwenye maua yangu ya sebuleni, yale niliyoyapanda kwenye ndoo za rangi pembeni ya kiti cha baba mkwe. Vijinzi vyeusi, vidogo kama mbegu za mchicha. Ukipita vinakurukia usoni, ukinywa chai vimo. Muuza maua wa hapa Ngokolo akaniambia vinazaliana kwenye udongo wenye majimaji, niache kumwagilia, ukikauka vitakwisha. Nikaacha. Nikavitega kwa siki na sabuni kwenye kifuniko. Vilivyokufa vilikufa, kesho yake viko vingine. Na udongo, haki ya Mungu, haukauki. Kiangazi chote hiki cha Shinyanga, nguo zinakauka hujamaliza kuanika, lakini ndoo zangu mbichi tu.

Ingekuwa vijinzi peke yake ningevumilia. Mzee mwenyewe alikuwa anakwisha. Mume wangu, Masalu, anachimba dhahabu huko Rwamgasa, baba yake nimeachiwa mimi. Alipata kiharusi, hospitali wakamruhusu, wakasema ale arudishe nguvu. Basi naamka alfajiri, nakoroga uji wa ulezi na maziwa, nampa shikamoo nimeinamisha macho, naweka bakuli, natoka. Nilivyolelewa, mkwe hatazamwi akila; ukibaki pale ni kama umemvua nguo. Nikirudi bakuli tupu. Ananiambia asante, mayu, kama wazee wa Kisukuma wanavyomwita mwanamke wa heshima. Kila siku bakuli tupu, na kila siku shati linazidi kumpwaya.

Juzi dada yake, Nyamizi, akaja kutoka kijijini kumwona. Akamshika kifundo cha mkono, akanigeukia, akaniuliza, Justa, humu ndani kunapikwa kweli? Nilijua akirudi atasema namuua kaka yake kwa njaa, na sina cha kujitetea, mtu mwenyewe anaonekana. Niliumia sana.

Alipoondoka nikahamishia hasira kwenye ndoo. Nikachekecha mchanga mkavu, nikaumwaga juu ya udongo unene wa vidole viwili, vijinzi vikose pa kutagia. Muuza maua alisema hiyo ndiyo dawa ya mwisho. Asubuhi nikapeleka uji, nikatoka, nikarudi kuchukua bakuli. Kwenye ndoo iliyo karibu na kiti, mchanga ulikuwa umelowa rangi ya kahawia, na bado unatoa mvuke.

Ulikuwa uji wangu. Nikachimbua kwa kijiko, chini yake kuna wa jana na wa juzi, umechacha, na vifunza vyeupe vinajinyonganyonga humo. Nilishikwa na hasira. Maziwa yale nayapata kwa tabu, mimi mwenyewe nakunywa chai ya rangi. Neno kama hili huwa namwambia mume, naye amwambie baba yake. Nikampigia Masalu, hapatikani, yuko chini duarani, kwenye shimo la dhahabu. Nikasimama mbele ya mzee, nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Baba, uji wangu una nini?"

Ule mkono wake mzima ukawa unapapasa kifungo cha shati.

"Uji ni mzuri, mayu. Ni koo. Kuna siku nilipaliwa, pumzi ikakata, na wewe uko nje jikoni. Tangu siku hiyo nikiwa peke yangu naogopa kumeza."

Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema angeanzaje kumwambia mkwe wake abaki amwangalie anavyokula, uji unamchuruzika kidevuni.

Hasira ikaniishia yote, ikabaki aibu. Asubuhi zote hizo nilikuwa natoka kwa heshima, na heshima yangu ndiyo iliyomkondesha. Nikamwambia kesho tunarudi hospitali wakamtazame hilo koo. Kisha nikaenda jikoni, nikaleta uji uliobaki sufuriani na kijiko kidogo cha chai. Nikamkalisha wima, nikampa. Akachota kidogo mno, akakishikilia kijiko bila kukipeleka mdomoni.

"Usitoke," akasema.

Nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake, nikamtazama akila.