Taa Iliyorudi Ikiwaka

Nilipofika kisimani na birika la chai, Munyao alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni. Kisima ni changu, hapa shambani kwangu Masinga, na kilikuwa kimefika futi thelathini na nane. Maji yalikuwa yameanza kuingia, basi asubuhi hiyo Munyao na mwenzake Levi wakashusha pampu ya petroli hadi chini kabisa ili kuyatoa, maana ukiiweka juu haiwezi kuyavuta kutoka kina kile. Levi alishuka, akaiwasha, akapanda. Ilinguruma saa nzima mpaka petroli ikaisha. Sasa Munyao alitaka kwenda kuitoa.

Levi alikuwa amekaa juu ya rundo la mchanga, kashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni njaa," Munyao alisema.

"Si njaa," nikasema. "Usishuke. Hewa ya pampu bado iko ndani."

"Ilishatoka, Mwalimu. Angalia." Alivuta kamba nyingine, taratibu, na taa ya mafuta ikapanda kutoka gizani ikiwaka vizuri, mwali umesimama wima. "Si ni wewe ulitufundisha Form Two? Taa ikizima, usiingie. Taa ikiwaka, ingia."

Niliona aibu, na aibu kwangu hugeuka hasira upesi. Ndiyo, nilifundisha hivyo, kwa maneno hayo hayo, na waliosahau niliwaandikisha mara hamsini. Munyao alipata D ya kemia. Kati ya yote niliyomimina kichwani mwake, hilo moja ndilo lililobaki. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Lakini taa hupima kama oksijeni imepungua, basi. Muhula ule ule, ubao ule ule, niliwafundisha habari za Dalton, mwanasayansi wa Uingereza wa miaka mia mbili iliyopita, naye mwalimu kama mimi, aliyesema kwamba gesi zikichanganyika, kila moja husambaa kana kwamba nyingine hazipo. Oksijeni ingeweza kuwa mle kisimani, ya kutosha taa, na sumu ya moshi wa pampu ikawa mle mle, haina rangi, haina harufu, na taa isijali hata kidogo. Mambo hayo mawili nilikuwa nayajua. Sikuwahi kuyaweka pamoja mpaka asubuhi hiyo, na Munyao ameshapitisha mguu mmoja ukingoni.

Nikaikanyaga kamba yake.

"Ngoja nilete kuku."

"Kuku tena? Mwalimu, umeanza uganga?"

"Ukishuka kabla sijarudi, usinywe chai yangu tena."

Ningeweza kumwambia tu kwamba nilikosea. Neno lilikuwa mdomoni, likakataa kutoka. Hata Dalton alikuwa hivyo. Wenzake walimletea vipimo vya gesi visivyolingana na hesabu zake, akavikataa. Darasani nilikuwa namcheka kwa hilo.

Nilimchukua mtetea wangu wa madoa, anayetaga kila siku, nikamfungia kwenye kikapu. Tukamshusha pamoja na taa. Mwanzoni tulimsikia akilalamika. Munyao alikuwa anatabasamu. Kisha sauti ikawa ya mara moja moja, kisha hatukusikia kitu, na Munyao akaacha kutabasamu. Nilihesabu dakika kumi kwenye simu.

"Vuta," nikasema.

Taa ilirudi ikiwaka. Kuku alikuwa amelala ubavu, shingo imening'inia nje ya kikapu.

Munyao alimgusa kwa kidole. "Lakini taa inawaka," alisema. Akasema tena hivyo hivyo, kwa sauti ya chini. Alijaribu kufungua fundo kiunoni, ikabidi Levi amsaidie.

Nilimweleza jambo la Dalton pale pale juu ya mchanga, na alisikiliza kama hajawahi kusikiliza darasani. Nilipomaliza akauliza,

"Na hiyo ya taa, Mwalimu, ulifundisha watu wangapi?"

"Miaka ishirini na sita," nikasema. Hesabu nyingine sikutaka kuipiga.

"Wesley tulikuwa class moja. Yeye pia anachimba visima. Leo ako Wamunyu, na alikuwa ameniambia ako na pampu."

Nilimnyang'anya simu yake, nikampigia Wesley. Ililia mpaka nikadhani haitashikwa.

"Munyao, nini?"

"Ni Mwalimu Kamanthe."

"Ah, Mwalimu! Habari za siku nyingi? Ngoja kidogo nitakupigia, nashuka kisimani mara moja."

"Umepima hewa?"

"Nimepima na taa, vile ulitufundisha. Inawaka vizuri sana."

Munyao na Levi walikuwa wananitazama.

"Usishuke, Wesley," nikasema. "Nilikufundisha vibaya."