Nyumba Upande wa Kushoto

Siku ya pili ya safari haikuwa na bandari. Meli ingekuwa baharini tangu kupambazuka mpaka jua kuzama, na tangazo lililobandikwa ndani ya lifti lilisema ni siku ya kupumzika. Mfamasia alikuwa kwenye foleni ya mayai, sahani mkononi ingali na joto la kuoshwa, nyuma ya bwana mmoja aliyetaka yai lake likaangwe bila kiini, alipotupa macho nje ya dirisha la ukumbi akaiona nyumba yao.

Ilikuwa inaelea sambamba na meli, umbali wa mtu kuita akasikika. Bati jekundu lilikuwa na kile kiraka cha kijivu juu ya jiko. Tangi la maji lilikuwepo, kamba ya kuanikia ilikuwepo, na shuka mbili zilikuwa zinaning'inia. Maji ya bahari yaliishia kwenye ngazi za mlangoni. Waya wa umeme ulitoka ukutani, ukanyooka hewani kidogo, ukakatika hapo bila kushikwa na nguzo yoyote, na taa ya barazani ilikuwa inawaka kama kawaida, maana nyumba ile haikuwahi kuwa na mtu wa kukumbuka kuizima.

"Unakula au hutaki?" mpishi aliuliza.

"Mawili," mfamasia alisema.

Mezani alimkuta kaka yake mkubwa, mkandarasi wa majengo, pamoja na wifi yake na binti yao mdogo. Wote wanne walikuwa wamevaa fulana za njano zenye picha ya mama kifuani. Safari yenyewe ilikuwa ya mama. Ililipiwa wakati angali anatembea, ili atimize miaka sabini na mitano akiwa juu ya maji, jambo alilolitamani tangu usichana. Halafu kiharusi kikamshika upande mmoja, na kampuni ya meli ikasema haina utaratibu wa kuahirisha. Fulana nazo zilikuwa zimeshachapwa.

Dada yao, fundi cherehani, alibaki na mama. Hakukuwa na siku ambayo jambo hilo liliamuliwa. Lilijiamua lenyewe: dada alikuwa jikoni, wengine walikuwa sebuleni, na walipotoka sebuleni lilikuwa limekwisha. Kaka alimwambia tu, "Wewe bahari itakutapisha, nakujua," ingawa dada hakuwahi kupanda chombo chochote cha majini.

"Ile nyumba," mfamasia alisema akivuta kiti.

"Nimeiona," kaka alijibu, akipaka siagi.

"Si ni kwetu?"

"Nyumba za mabati mekundu ziko nyingi."

Mfamasia akatazama tena. Dada alikuwa ametoka na beseni, akamwaga maji kando ya ngazi, akarudi ndani. Ni mwendo ule ule, bega moja limetangulia. Lakini kaka alikuwa anakula kwa utulivu wa mtu aliyelala vizuri, na kwa dakika chache mfamasia hakujua amwamini nani, macho yake au kaka yake. Alizoea kumwamini kaka.

Kipaza sauti kikakohoa. "Wasafiri wapendwa, habari za asubuhi. Upande wa kushoto wa meli mnaweza kuona nyumba ya makazi. Tunawaomba msirundikane upande mmoja. Mashindano ya dansi yataanza kando ya bwawa kama yalivyopangwa."

Watu walijongea kidogo, wakapiga picha, wakarudi kwenye viti vya kujilaza. Mzee mmoja mwenye kofia pana alimwambia mfamasia kwamba safari iliyopita walionyeshwa nyangumi, na kwamba yeye binafsi aliona nyangumi ana nafuu, kwa sababu hukaa kidogo akaondoka.

Nyumba haikuondoka. Meli ilipoongeza mwendo, nayo iliongeza. Mfamasia alijaribu kujua ni kipi kinachomfuata mwenzake. Ukitazama povu la maji, meli ndiyo iliyokuwa inakwenda. Ukitazama shuka kwenye kamba, zilivyotulia, ungesema nyumba iko mahali pake tangu ijengwe, na meli ndiyo inayoizunguka ikitafuta njia ya kuingia. Alishuka chumbani kuchukua miwani akapotea kwenye korido, akatokea ukumbi wa michezo ya watoto, akapotea tena, na kila dirisha alilofikia lilikuwa la upande wa kushoto.

Alipopanda juu alimkuta ofisa wa meli, kijana wa sare nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, amesimama mbele ya familia yake.

"Samahani kwa usumbufu," ofisa alikuwa anasema. "Yule mwanamke wa kule amepaza sauti. Anaomba mtu mmoja mwenye nguvu, mara moja tu, amsaidie kumgeuza mgonjwa. Tunauliza kila meza. Mnaifahamu nyumba ile?"

Kaka alivua miwani ya jua, akaitazama nyumba kwa makini, kama anavyotazama ukuta wa mkandarasi mwingine.

"Hapana," alisema. "Hatuifahamu."

Ofisa alizitazama fulana. Kisha akatazama ng'ambo, ambako kwenye dirisha la chumba cha mwisho mama alikuwa ameegemezwa mito, uso wake umeelekea baharini. Akazitazama fulana tena.

"Haya," alisema. "Asanteni."

"Baba, yule si bibi?" binti aliuliza.

"Kunywa juisi yako," wifi alisema.

Ofisa alikuwa amefika meza ya tatu mfamasia alipomkimbilia. Hakujua atasema nini, na alipofungua mdomo yalitoka haya: "Mimi nitakwenda. Ni mtaalamu wa dawa."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe, akaona hayana kosa. Ni kweli alikuwa mtaalamu wa dawa. Ofisa akamshukuru kwa moyo wa kujitolea, akampa koti la kuokolea, na boti ndogo ikateremshwa.

Dada alikuwa anamsubiri barazani, kanga imefungwa kiunoni. Alikuwa amekonda. Hakumkumbatia, hakumgombeza.

"Vua viatu," alisema. "Nimetoka kupiga deki."

Ndani palikuwa na harufu ile ile ya dawa ya kusafishia na chai iliyochemka sana. Cherehani ilikuwa kwenye kona yake, imefunikwa kwa kitambaa, na juu ya kitambaa zilipangwa nguo safi za mgonjwa. Juu ya kabati kulikuwa na maboksi ya dawa. Mfamasia aliyatambua, yeye ndiye aliyekuwa akiyatuma kila mwezi, ameyafunga vizuri, ameandika kwa mkono wake namna ya kutumia. Mengine hayakuwa yamefunguliwa.

"Hizi za vidonda hujazitumia, dada?"

"Kidonda kiko mgongoni, na mgongo uko chini ya mama. Dawa zipo, mdogo wangu. Mikono ndiyo haipo."

Walimgeuza pamoja. Mfamasia alishika mabega, dada akashika nyonga, wakahesabu kwa sauti ya chini kama walivyokuwa wakihesabu utotoni kabla ya kuruka mtaro. Mama alikuwa mzito kuliko alivyokumbuka. Kidonda alikiona, akakisafisha, akakifunika, na mikono yake ilijua kazi hiyo vizuri kiasi kwamba akili ilibaki nje, inazungukazunguka, haina pa kukaa.

Mama alifumbua macho akaiona fulana.

"Huyu nani?" aliuliza, kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

"Ni wewe, mama."

"Nimenona." Akamtazama usoni. "Na wewe nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi nani? Yule aliyepanda meli ameshafika?"

Mfamasia akamtazama dada, naye dada akawa anakunja shuka.

"Bado hajafika, mama," mfamasia alisema. Hakujua kwa nini alisema hivyo.

"Mwacheni," mama alisema. "Yule ana kazi nyingi." Akalala.

Walikaa barazani. Dada alileta chai. Ng'ambo, meli ilionekana kubwa mno, nyeupe kama jokofu, na muziki wa mashindano ulikuja vipande vipande kadiri upepo ulivyotaka. Wifi alionekana waziwazi, anacheza dansi na namba mgongoni.

"Nimeambiwa bahari itanitapisha," dada alisema. "Tangu asubuhi nasubiri kutapika. Wapi."

Mfamasia alicheka kidogo, dada naye akacheka, na kwa muda ule mambo yalikuwa mepesi.

"Nyumba imefikaje huku?"

"Sijui. Nilikuwa namlisha uji. Nilipoinua kichwa nikaona maji. Nikasema, afadhali, mama alitaka kuiona bahari." Akapuliza chai yake. "Sikiliza, nikuulize kitu. Boti ile itakuja kukuchukua?"

"Itakuja."

"Basi inichukue mimi. Mpaka jua lizame tu. Wewe kaa na mama, nami nikakae kwenye kile kiti cha buluu, kile pale, hakina mtu. Sitaki kula chochote. Nataka nilale mchana, pasiwe na wa kuniita."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeazima chumvi. Mfamasia alikitazama kiti. Kweli hakikuwa na mtu. Alitafuta sababu ya kukataa akaikosa, akatafuta neno la kukubali, nalo halikuja. Alijiona kama mtu aliyesimama mlangoni amesahau alikuwa anaingia au anatoka. Akafikiria tiketi, ambayo ilikuwa na picha yake. Akafikiria usiku, ikiwa boti isingerudi. Akaufikiria ule mgongo.

"Ngoja nikamuulize kaka," alisema.

Dada alichukua kikombe chake, akamwaga mabaki ya chai baharini.

"Kamuulize," alisema.

Boti ilipomrudisha melini alimkuta kaka kwenye ngazi, anapangusa jasho; wifi alikuwa ameshika nafasi ya pili. Mfamasia alimweleza yote kwa mkupuo: kidonda, kiti cha buluu, mpaka jua lizame. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Utotoni alimbeba mgongoni kumpeleka shule mvua ikinyesha.

"Lile ni jambo kubwa," alisema. "Si la kuamuliwa kwenye ngazi za meli. Tukirudi tutakaa kikao cha familia, tulizungumze vizuri, na yeye awepo atoe maoni yake."

"Anaomba leo tu, kaka."

"Leo ukimpa leo, kesho ataomba kesho. Wewe uko tayari?"

Mfamasia aliyapima maneno yale, akaona ni swali la haki, na kwamba jibu alikuwa nalo, na kwamba halikuwa jibu alilodhani analo alipokuwa kwenye boti.

"Pole, mdogo wangu," kaka alisema kwa upole wa kweli. "Umechoka. Kaoge."

Jua lilipoanza kuteremka, taa ya barazani ikawa inamulika moja kwa moja vyumbani mwao. Binti alisema hawezi kulala, bibi anamtazama. Kaka akazungumza na mhudumu, mhudumu akazungumza na mkubwa wake, na ikaonekana kwamba upande wa kulia kuna vyumba viwili vitupu. Wasafiri kadhaa wa upande wa kushoto walikuwa wameshaomba kuhamishwa, lakini familia ile ilifikiriwa kwanza kwa sababu ina mtoto.

Mfamasia alifunga sanduku lake. Ng'ambo, dada alikuwa ametoa kiti cha jikoni akakiweka ngazini, akaketi, miguu majini, uso kuelekea meli. Nyuma yake dirisha la mama lilikuwa wazi. Mfamasia aliinua mkono. Hakuweza kujua kama ameonekana, kwa kuwa dada hakuinua wake; inawezekana alikuwa amesinzia, na inawezekana hakuwa amesinzia.

Mhudumu aliingia kubadilisha shuka.

"Dirisha nifunge, dada?" aliuliza.

Neno lile lilimgutusha, ingawa ndivyo wahudumu walivyowaita wanawake wote mle melini. "Usifunge," alisema. Kisha akakumbuka kwamba hakuna atakayelala humo, akabaki amesimama, anatafuta maana ya alichosema. Mhudumu akasubiri kwa adabu. Mwishowe mfamasia akaliburuta sanduku lake akavuka korido.

Chumba cha upande wa kulia kilikuwa sawasawa na kile cha kushoto, isipokuwa kitanda kilikuwa kwenye ukuta mwingine, na kwa muda alikuwa akigonga goti pale alipodhani ni wazi. Binti alikuwa ameshafika, amepiga magoti juu ya kitanda, paji la uso kwenye kioo. Nje palikuwa na maji tu, mpaka mbingu ilipoanzia.

"Shangazi," alisema, "huku hakuna kitu."

"Ndiyo," mfamasia alisema. Akaketi kando yake, nao wakapatazama.