Herufi za Mtu Mwingine

Fundi mwenyewe walimwita Nukta, maana aliweza kuandika jina zima mahali ambapo wewe na mimi tungeweka nukta tu. Alifanya kazi na bintiye katika chumba kimoja chenye dirisha pana. Binti alichonga vitako vya bunduki, ile mbao ambayo mlengaji huiegemeza begani. Baba alitia nakshi vibamba vidogo vya fedha, umbo la yai, vinavyopachikwa kwenye mbao hiyo vikiwa na herufi za mwanzo za majina ya mwenye bunduki.

Asubuhi ile walikuwa na bunduki ya mwalimu wa shabaha, mwanamke mrefu aliyeirithi kwa mjomba wake. Alitaka herufi za mjomba, J na T, zichorwe zikiwa zimekumbatiana. Binti alipaka masizi ya taa chini ya kibamba, akakikandamiza kwenye shimo alilochimba, akakinyanyua. Kila mbao ilipochafuka ndipo ilipozidi kimo. Akapakwangua kwa patasi kidogo kidogo, akapaka tena, akajaribu tena. Mwishowe kibamba kikazama kikatulia. Ungepitisha kucha ukingoni usihisi kitu.

"Kimelala kama mtoto aliyeshiba," alisema, akampelekea baba yake.

Nukta akakibana kitako kwenye jiliwa, akashika kalamu yake ya chuma. Jua lilikuwa limefika mezani. Fedha iling'aa, na kuizunguka, mistari ya mbao ilipindapinda kama maji yanayopita jiwe. Aliyatazama maji yale. Kalamu ikaanza kutembea, unyuzi mwembamba wa fedha ukijiviringa mbele yake, na yeye akaifuata tu, kama mtu anayefuata njia ya nyumbani kwao. Alisikia ndala zikiburuzwa sakafuni. Alisikia mtu akiimba wimbo asioujua vizuri, akiruka maneno. Harufu ya nguo zilizoanikwa juani ikamjia, na mkono ukamgusa kisogoni, mwepesi, wenye unyevu wa maji ya kufulia. Hakugeuka. Alijua akigeuka utaondoka.

Jua lilipohama mezani, alipuliza vumbi la fedha, akatazama.

Herufi zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Zilikuwa L na N. Zilikuwa za mkewe, ambaye tangu amzike hakuwahi kumtaja mbele ya mtu yeyote.

Binti alikuja, akachungulia begani kwake. Hapo mlango ukagongwa. Mwalimu wa shabaha alikuwa amepita njia, akaona aingie kutazama kazi imefika wapi.

Aliinama juu ya meza, akazisoma herufi.

"Fundi, huyu si mjomba wangu."

"Si yeye, mama," Nukta akajibu. "Ni mke wangu. Mkono ulikuwa hapa, akili ikawa imesafiri. Nisamehe. Nitakuchorea kingine."

Mwalimu hakukasirika. Alivuta kigoda, akaketi. "Alikuwaje?"

Nukta akamtazama, akamtazama na bintiye aliyesimama na patasi mkononi.

"Alikuwa mwoga wa mlio," alisema taratibu. "Fikiria, mke wa fundi bunduki. Hata soda ikifunguliwa anaziba masikio. Nikimletea kitako kizuri akione, ananiuliza, 'Hakina mdomo wa kunguruma hicho?'"

Mwalimu akacheka. Binti naye akacheka, kisha akafuta macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na masizi.

"Hilo hujawahi kuniambia, baba."

"Hujawahi kuniuliza."

"Ningekuulizaje? Ukisikia habari za mama unatoka nje."

Nukta alichukua chuma chenye ncha nyembamba, akakibandua kibamba polepole asiumize mbao, akamwekea bintiye kiganjani.

"Chukua. Yeye ni wako pia."

Kibamba cha mjomba kilichorwa siku zilizofuata, na safari hii binti aliketi karibu, akimsemesha baba yake asije akasafiri tena. Mwalimu alipokuja kuchukua bunduki yake, alipitisha kidole juu ya J na T, akasema mjomba angeringa sana.

Nyumbani jina la marehemu likaanza kurudi. Mwanzoni Nukta alilitaja kwa kusitasita, kama mtu anayekanyaga ngazi asiyoiamini. Baadaye lilimtoka lenyewe, akitafuta kijiko, akifungua dirisha. Na jioni moja binti, akimenya viazi, alianza kuimba wimbo ule wa mama yake, akiruka maneno. Baba akamsahihisha palipokosewa, naye mwenyewe akakosea.